Ukifika Chalinze, unanyoosha au unakata kulia?

KITI CHA MBELE
Na Mama Lusajo

Mchungaji anayetaka kuzijua ndoa za washarika wake asihangaike kuwatembelea nyumbani. Nyumbani atawekewa soda, ataletewa watoto wamsalimie, atasikia "tunamshukuru Mungu" kutoka ncha zote mbili za kochi, kisha ataaga akiwa hajui kitu. Aombe lifti ya Desemba. Apandie Kibaha saa kumi na moja alfajiri, akae kiti cha nyuma katikati ya begi la nguo na hotipoti ya maandazi, ajifanye amesinzia. Wakifika Korogwe atakuwa ameshajua nani anamwogopa nani, nani alimkopesha shemeji bila kusema, na jambo gani halijazungumzwa tangu Pasaka.

Nyumbani mkinuniana, mmoja huenda jikoni na mwingine huwasha taarifa ya habari. Kati ya Segera na Same hakuna jikoni. Mmekaa bega kwa bega, watoto wako nyuma na masikio yao, na hata simu ya kujifichia mtandao unakatikakatika.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba nimezaliwa Tukuyu na nimeolewa Machame. Kila ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Dar es Salaam huanza kupumua, na wenzetu wa makabila mengine hututania kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Nami nilishaingizwa kwenye hesabu hiyo kwa cheti cha ndoa. Utani wenyewe unakaa vizuri na sikukuu: katika Luka sura ya pili, Yusufu naye alifunga safari kwenda mji wa ukoo wake akaandikwe, na mchumba wake mjamzito yuko naye. Ukoo wa nani? Wa Yusufu. Litunze hilo, nitalirudia.

Kwanza dereva. Baba Lusajo kazini kwake anasifika kwa upole, lakini akishavuka daraja la Wami anakuwa na basi lake. Kila safari huchagua moja. Atalipita karibu na Kabuku, litampita Segera kwa sababu watoto wametaka machungwa, atalipita tena Korogwe, na kuanzia hapo safari nzima ni ya kulinda lisitupite. Nani amempa kazi hiyo, sijui. Abiria wa basi hawana habari kwamba wanashindana na mtu.

Sasa fika Mombo, pale inapoteremkia barabara ya Lushoto. Desemba vijana husimama kando ya lami na vindoo vya plastiki vya maplamsi na peasi. Yaliyoiva vizuri, mekundu yanayong'aa, yamepangwa juu. Yaliyobonyea yako chini. Kila mnunuzi anajua, na kila mnunuzi ananunua hivyo hivyo. Gari likipunguza mwendo tu, vindoo vitatu vimeshaingia dirishani kwa mpigo, na bei inaanza kushuka kabla hujasema neno. Mimi hapo ningesimama nusu saa.

"Baba Lusajo, tusimame kidogo. Mtoto kabanwa."

"Avumilie, tunasimama Same."

"Same ni karibu kilometa mia kutoka hapa."

"Si mbali. Barabara nyeupe."

Nyuma kimya. Mtoto mwenyewe aliyebanwa anaelewa kwamba mkojo wake umeacha kuwa mkojo, umekuwa ajenda. Swali lililoko mezani ni nani katika gari hili ana haki ya kusema "simama" na gari likasimama. Ukilijibu swali hilo, umeshaeleza mambo mengi ya nyumba hiyo: ada za shule, kiwanja cha Bunju, nani anaamua mama mkwe atibiwe wapi. Kwenye semina za ndoa tunafundishwa mawasiliano kwa projekta, na mwalimu ana mchoro wa mishale miwili inayokutana. Mimi naona mchoro ungebandikwa pale Mombo.

Tunaomba kabla ya kuondoka, kama familia nyingi za Kikristo. Tunashikana mikono nje ya geti na giza bado, mmoja anasoma Zaburi ya 91, ile inayosema malaika wataagizwa kumlinda mtu asijikwae. Nina neno na zaburi hiyo, au niseme nina neno na sisi tunaoisoma. Ukifungua Mathayo sura ya nne utaikuta kinywani mwa Shetani. Amempandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, na ushahidi anaoutoa ni hiyo hiyo Zaburi ya 91: malaika si wapo, watakudaka. Yesu akakataa. Alimjibu kwa Torati kwamba Mungu hajaribiwi.

Sasa mtazame Mkristo aliyeisoma zaburi alfajiri. Saa tatu asubuhi analipita lori la saruji kwenye mwinuko, mstari wa katikati haujakatika, watoto nyuma hawajafunga mikanda, na kibandiko cha kioo cha nyuma kinatangaza kwamba gari linalindwa kwa damu ya Yesu. Huyo amepanda kinara mwenyewe, bila hata kubebwa. Mke akisema "Baba Lusajo, punguza", pengine ndiye malaika aliyeagizwa kwa siku hiyo. Zaburi haikusema malaika lazima awe na mabawa. Lakini katika magari yetu sauti hiyo huhesabiwa kuwa ni uoga wa wanawake, mpaka pale kwenye kibao cha 50 askari mwenye tochi anapojitokeza na faini ya shilingi 30,000. Hapo ndipo mume hukumbuka kuuliza, "Hukukiona kile kibao?"

Zaburi ninazozipenda kwa safari ziko mbele kidogo, kuanzia ya 120 hadi ya 134. Ni 15, zote zina kichwa kimoja cha habari kinachozitaja kuwa nyimbo za kupanda, na wafafanuzi wengi wa Biblia wanasema zilikuwa za mahujaji waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Ya 121 huanza na mtu anayeinua macho kuitazama milima. Kuanzia Mazinde mpaka Mwanga haihitaji mhubiri, maana Usambara na kisha Upare vinakufuata mkono wa kulia saa nzima nzima, na mibuyu ya Same inasimama upande huu kama imesahauliwa.

Ila iliyonifanya nikae kitako ni ya 128. Wengi tunaijua kwa sababu ya harusi. Ndiyo ile yenye mke anayefananishwa na mzabibu na watoto wanaofananishwa na miche ya mizeituni kuizunguka meza. Tumeizoea ikisomwa mbele ya maua na kapeti jekundu, bwana harusi katoa jasho ndani ya suti ya kukodi. Kumbe imo katika fungu la nyimbo za barabarani. Waliokuwa wakiiimba walikuwa na vumbi miguuni, mzabibu mwenyewe anatembea pembeni na mzigo kichwani anasikia anavyoimbwa, na ile miche inauliza kila baada ya hatua mia tutafika lini. Tangu nilipoijua hivyo siwezi tena kuisikia harusini bila kufikiria mizigo.

Familia moja tunayoijua kwa jina ilisafiri njia hiyo ya mahujaji. Luka anasimulia, mwishoni mwa sura ile ile ya pili, kwamba wazazi wa Yesu walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Torati ilikuwa inawadai wanaume tu. Kumbukumbu la Torati 16 linataja wanaume mara tatu kwa mwaka. Lakini Luka anasema wazazi, wote wawili. Mariamu hakuwa anadaiwa na sheria kuondoka Nazareti, na alikwenda. Mtoto alipofika umri wa miaka 12 ndipo wakampoteza. Walitembea siku nzima kurudi, kila mmoja akidhani yumo katika msafara, miongoni mwa ndugu na jamaa. Jioni wakamtafuta, hayupo. Wakageuza, wakarudi Yerusalemu, wakamwona siku ya tatu, ameketi hekaluni na walimu.

Mtu yeyote aliyewahi kuondoka kituo cha mafuta na mtoto mmoja pungufu anaweza kuijaza nafasi iliyoachwa na Luka. Mwanamke anasema, "Si nilijua yuko na wewe?" Mwanamume anasema, "Na mimi nilijua yuko na wewe." Kurudi nyuma siku nzima kwa mguu, wawili, ni muda wa kutosha kulaumiana hadi harusini. Inawezekana walilaumiana, Luka hasemi. Anachotuwekea ni maneno ya Mariamu walipomkuta kijana, na katika maneno hayo mama anamtaja baba kwanza, halafu yeye, na uchungu wa kutafuta anauweka kuwa wa wote wawili. Mbele ya mtoto na mbele ya walimu wa sheria, hakumtupia Yusufu hata neno. Nimewahi kusikia mahubiri mengi juu ya kijana yule wa miaka 12 na akili yake. Juu ya wale wawili waliotoka mbio za siku tatu wakasema kwa sauti moja, bado nasubiri.

Kwa hiyo yale ya ndani ya gari tumeyaona. Lakini mimi nina shaka na jambo lililo kubwa kuliko kusimama Mombo au kutosimama, nalo ni huko tunakokwenda.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, Chalinze ndipo njia zinapogawana. Ukikata kulia umeshika ya Segera, Korogwe, Same, Moshi. Ukinyoosha unakwenda Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, na kwetu Tukuyu. (Wapo wanaokwepa foleni ya Kibaha kwa kupita Bagamoyo na kuibukia Msata. Hao uamuzi wao wameshaufanya wakiwa Mwenge.) Katika ndoa ya mtu wa Machame na mtu wa Tukuyu, Chalinze ni kama kanisa. Pale ndipo inapoonekana ahadi ya madhabahuni ilimaanisha nini. Na kwa miaka mingi gari letu lilikata kulia lenyewe, kwenda kwa ukoo wa Yusufu wetu, kana kwamba kunyoosha hakujaumbwa.

Mwanzo sura ya pili inasema ni mwanamume atakayemwacha baba yake na mama yake, aambatane na mkewe. Yesu aliyarudia maneno hayo katika Mathayo 19, Paulo akayarudia katika Waefeso 5. Yanasomwa karibu kila harusi. Anayetajwa kuacha ni mwanamume. Halafu tazama tunavyofanya. Binti anafanyiwa sendofu, ukumbi wa watu mia nne, wazazi wanalia, anakabidhiwa. Kijana haagwi na mtu. Kwenye kichen pati bibi harusi anapewa masufuria, friji na mafundisho ya kumtunza mume mpaka usiku wa manane, na kati ya mashangazi wote waliokaa pale hakuna hata mmoja anayemwambia ni Krismasi gani atamwona mama yake tena. Aliyeambiwa aache hajaacha. Kila Desemba anaendesha kilometa zaidi ya 500 kuhakikisha hajaacha.

Sisemi mwanamume awatelekeze wazazi. Amri ya kuwaheshimu baba na mama ipo, na haikumtaja mzazi wa upande gani. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Baba na mama wa mke nao ni baba na mama, na Desemba haijawahi kuwaheshimu. Wakwe wengi wa kiume wanaijua njia ya ukweni kwa sababu ya misiba. Mkwe anafika na basi la ofisi, amevaa miwani myeusi, anasoma salamu za rambirambi, anageuza siku ile ile. Mzee aliyekuwa akimsubiri aje wanywe chai na kuzungumza habari za ng'ombe sasa yuko kwenye jeneza na anasifiwa.

Najua sababu zinazotolewa, na si za uongo. Mila za Uchagani zinaita watu Desemba kwa kazi maalumu: vikao vya ukoo, mipaka ya kihamba, makaburi ya wazee yaliyomo ndani ya migomba, vipaimara na harusi zilizosubiri hadi ndugu wa mjini wafike. Asiyeonekana huamuliwa bila kuwapo. Mimi mwenyewe naipenda Machame. Napenda ibada ya asubuhi ya Krismasi na tarumbeta zake, baridi ya saa kumi na mbili, na ndafu inayokatwa na shemeji mwenye madaraka makubwa kuliko mbunge. Hata imani haibadiliki sana nikihama mlima. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Wamoraviani walikuwa wameanza Rungwe mwaka 1891, na Leipzig na Herrnhut, walikotokea Wamoraviani, ziko jimbo moja la Ujerumani. Watoto wangu wanasikia tarumbeta zile zile pande zote mbili. Wanachokosa ni babu wa upande mmoja.

Sababu nyingine ni umbali. Tukuyu ni kilometa zinazokaribia 900 kutoka Dar es Salaam, na mlima wa Kitonga huwezi kuupanda kwa hasira. Malori yanajikokota pale, na mwenye basi lake la kushindana nalo hulazimika kutulia nyuma ya shehena ya mbolea akatafakari maisha. Hilo, kwa maoni yangu, ni faida. Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inakata mbuga kwa kilometa 50, kuna kibao kinachotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, na nimeona wanaume waliokataa kupunguza kwa ajili ya mke wakipunguza kwa ajili ya twiga. Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu. Iringa mnalala. Ni safari ya siku mbili, na siku mbili huwa zinapatikana kwa mambo tunayoyathamini.

Kama ni mfano wa Biblia unatakiwa, upo. Prisila na Akila walikuwa mume na mke, mafundi wa kushona mahema, waliofukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio. Tunawakuta Korintho wakiishi na Paulo na kufanya naye kazi, kisha wamehamia Efeso, kisha wako Roma tena na kanisa linakutana nyumbani mwao. Agano Jipya linawataja mara sita, na kila mara wako pamoja. Jina la mke huja kwanza mara nyingi kuliko la mume, jambo lililowasumbua baadhi ya wanakili wa zamani. Hatuambiwi walikuwa wakienda kwa nani Desemba. Tunachoona ni kwamba kila walipohama walihama wawili, na kazi ilikuwa ya wote.

Ninachoomba kwa wachungaji na mapadre ni kidogo. Katika mafundisho ya ndoa, kabla ya kutangaza majina ibadani, waulizeni wachumba swali moja la jiografia: Krismasi ya kwanza wapi, na ya pili wapi? Wajibu pale pale, kila mmoja kwa kinywa chake, mwenzake akisikia. Mnawauliza habari za fedha, za watoto, za magonjwa. Waulizeni na hili. Na Desemba yenyewe, badala ya kuwabariki tu wanaokwenda, mhubiri mmoja athubutu kusema kutoka mimbarani kwamba binti naye ana mama.

Sisi mwaka huu tunanyoosha. Uamuzi ulifanyika Juni, mezani, watoto wakiwapo, na haukuwa wa dakika tano. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama mkwe. Baba Lusajo alijizungusha kwenye simu robo saa nzima, akauliza habari za kahawa, za mvua, za kondoo, mpaka bibi mwenyewe akamwambia aseme alichopigia. Akasema. Bibi akamjibu kwamba alikuwa anashangaa tumechelewa kiasi hicho, maana yeye binafsi Krismasi kadhaa za ujana wake alizimaliza Machame akiutazama mlima na kuwaza kwao Kibosho, kilometa chache tu, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akaagiza mchele wa Kyela, kilo ishirini, na akaonya usichanganywe.